Lori, Gozi na Sahani ya Mgeni: Maswali ya Wasomaji kuhusu Michezo ya Shule za Bweni

Barua nyingi zilizokuja kutoka Dodoma, Singida na wilaya za jirani zinahusu jambo moja: safari za michezo kati ya shule za bweni. Wapo wanaotaka kuhifadhi kumbukumbu za wazazi wao kabla hazijapotea. Wapo wenye wageni wanaokuja karibuni na uwanja bado hauna hata mstari mmoja. Tumezijibu kwa pamoja, maana anayepokea wageni leo ndiye atakayeombwa asimulie miaka hamsini ijayo.

Mama yangu alisoma bweni miaka ya sitini na aliichezea shule mpira wa pete. Kila nikimwomba anisimulie zile safari za kwenda kucheza kwenye shule nyingine, ananijibu, “Tulikwenda, tukacheza, tukarudi.” Nifanye nini afunguke? — Binti wa mchezaji, Kongwa

Dada, shida iko kwenye swali lako, mama anakumbuka. Mtu mzima ukimwambia “nisimulie,” anatafuta jambo kubwa la kusimulia. Asipoliona, anafunga mlango. Muulize vitu vinavyoshikika kwa mkono.

Anza na usafiri. Walikwenda na nini? Kama ni lori, walikaa juu ya nini: mabenchi, magodoro, magunia ya mahindi? Nani alikaa mbele na dereva? Vumbi walijikinga nalo vipi? Kama ni garimoshi, mtajie vituo kwa mpangilio wake, polepole, kama kondakta: Manyoni, Saranda, Kintinku, Bahi, Kigwe, Dodoma, au upande wa mashariki, Kikombo, Msagali, Gulwe. Waliosoma Mpwapwa walizoea kushukia Gulwe na kutafuta namna ya kupanda hadi mjini, na hapo mara nyingi ndipo hadithi ilipo: nani aliwabeba, saa ngapi, walitembea umbali gani na masanduku kichwani.

Ukimaliza safari, nenda kwenye chakula na malazi. Walibeba sahani na vikombe vyao, au walikuta vya wenyeji? Walilala bwenini, wawili wawili kitanda kimoja na wenyeji, au kwenye mikeka darasani? Maji ya kuoga yalitoka wapi? Ndipo uingie uwanjani. Muulize alivaa herufi gani za nafasi yake kifuani, GS, WD au C, na nani alikuwa anamkaba. Mpe mpira mikononi. Mchezaji wa pete akishika mpira, miguu yake inajua yenyewe pa kusimama, na mara nyingi jina la aliyekuwa akimpa pasi linakuja hapo hapo. Njia nyingine tunayoiamini sana: mpe kijiti achore shule ile chini kwenye mchanga. Aweke geti, mabweni, jiko, kengele, uwanja. Kila anapochora, muulize nani alikuwa anakaa hapo.

Matokeo ya mechi yaache mwisho. Mabao ndiyo yanayosahaulika mapema na ndiyo yanayozua ubishi, hasa kama shangazi wa timu pinzani yupo sebuleni. Kwa sababu hiyo hiyo, rekodi mkiwa wawili tu. Watoto na wajukuu wakikaa karibu watamjibia, naye atawaachia.

Kuhusu kurekodi, simu ya kawaida inatosha ukifuata haya. Iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Ukiiweka moja kwa moja juu ya meza, kila kikombe kitasikika kama ngoma. Epuka kukaa chini ya bati wakati wa upepo. Rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize kabla ya kuendelea. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali, jina lake na lako. Dakika 45 asubuhi baada ya chai zinatosha. Baada ya hapo mzee huchoka na kuanza kufupisha. Akinyamaza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuuliza tena, kwa sababu jambo zuri mara nyingi huja kwenye saba au nane.

Saa moja ya sauti kwa ubora wa kawaida huchukua megabaiti 30 hadi 60. Hifadhi nakala mbili mahali pawili, na faili lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, halafu jina la mama na la shule. Usiitegemee nakala uliyoituma kwenye kundi la ukoo, maana simu zikijaa watu hufuta.

Kama wimbo wa kushangilia uliimbwa kwa Kigogo au Kirangi, uandike kwa lugha hiyo, tafsiri iwekwe kando. Na jambo la mwisho, ambalo tunakusihi ulishike: safari ya michezo inaweza kuamsha mambo mengine, viboko, njaa, rafiki aliyefariki bwenini. Akifika huko, mwulize kama uzime kinasa sauti. Kabla hamjaachana mkubaliane nani ataruhusiwa kusikia. Sauti ni yake.

Tumekuta picha ya timu ya mpira kwenye sanduku la marehemu babu. Haina mwaka. Nyuma pameandikwa kwa penseli “yds 440, wa pili” na majina mawili yasiyosomeka vizuri. Tunawezaje kujua ni ya lini? — Wajukuu, Mpwapwa

Hilo neno la yadi tayari ni ushahidi. Mbio za yadi 100, 220, 440 na maili moja ni za enzi ya vipimo vya Kiingereza. Zilipoingia mita, yadi 440 ikawa mita 400. Kwa hiyo babu alikimbia kabla mita hazijaenea shuleni.

Sasa someni kila herufi iliyo kwenye picha kwa kioo cha kukuzia: ubao, kombe, kifua cha jezi. “Jimbo la Kati” kwa lugha yoyote ni kabla ya 1963, kwani baada ya hapo majimbo yalivunjwa na tukawa na mikoa ya Dodoma na Singida. “Tanganyika” peke yake inaelekeza kabla ya Muungano wa 1964. “Darasa la nane” ni mfumo wa shule za kati za zamani. Jina la shule nalo linasaidia: Alliance ya Dodoma ndiyo iliyokuja kuitwa Mazengo, na majengo yake sasa ni Chuo Kikuu cha St John's, kilichoanza 2007. Picha yenye jina Alliance haiwezi kuwa ya siku za Mazengo.

Kisha mtazame mpira wenyewe. Vipande virefu vya ngozi na mshono wenye kamba ni wa zamani. Mpira wa vipande vyeusi na vyeupe ulienea duniani baada ya Kombe la Dunia la 1970, kwa hiyo ukionekana mguuni mwa nahodha, picha si ya miaka ya hamsini, hata kama babu mwingine anaapa. Kingo za karatasi zenye menomeno ni dalili ya picha za zamani za nyeusi na nyeupe, lakini peke yake isitoe hukumu.

Msiibandike kwa selotepu na msiilaminishe. Gundi hula picha, na plastiki ya moto haitoki tena. Ipigeni picha kwa simu kivulini, mbele na nyuma, simu ikiwa sambamba na picha. Majina mtakayoyatambua yaandikeni nyuma kwa penseli laini, taratibu. Kalamu ya wino hupenya ikaonekana usoni.

Tuna gozi la zamani lenye kamba. Tunataka lianzishe mechi ya waliosoma shule yetu. Lijazwe upepo? — Kamati, Bahi

Msilijaze. Kibofu cha mpira kilichokaa miongo kimeshakauka na kitapasuka, na ngozi kavu itachanika kwenye mshono, mahali pasipofungika tena. Fungueni kamba, toeni kibofu, jazeni vitambaa vya pamba polepole mpaka umbo lirudi, pakeni mafuta ya ngozi kidogo sana kwa kitambaa, muliweke mezani watu walione. Wazee watawaonyesha wenyewe kwenye paji la uso mahali ile kamba ilipokuwa ikiwapata.

Mchezeeni mpira wa leo, saizi ya 5, mzingo wa sentimita 68 hadi 70, upepo kati ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo ya hewa. Lowesheni sindano ya pampu kabla ya kuiingiza, kwa sababu sindano kavu ndiyo inayoharibu vali, na watu hudhani ni mwiba. Ila kwetu miiba ni adui wa kweli. Siku moja kabla, wanafunzi wapange mstari bega kwa bega waupitie uwanja mzima wakiokota miiba ya migunga, kisha wafagie mbigili kwa mafagio ya vijiti, zaidi nyuma ya magoli ambako mpira huenda kulala. Na mpira usiachwe juani au ndani ya gari lililofungwa. Joto huongeza upepo ndani yake na kulegeza mishono.

Niko kidato cha tano. Nimesoma kwamba watoto wa wenyeji asilia wa Kanada na Marekani walichukuliwa kwa wazazi wao na kupelekwa shule za bweni. Kisha nikaona picha ya watoto hao wamevaa jezi, wanatabasamu. Kipi ni kweli? — Mwanafunzi, Kondoa

Mwanetu, vyote viwili, na umefanya vizuri kutokimbilia kuchagua kimoja.

Kanada ilikuwa na zaidi ya shule 130 za aina hiyo, kuanzia karne ya 19 hadi miaka ya 1990. Zilipitiwa na watoto wapatao 150,000. Mwaka 1920 sheria ililazimisha watoto kuhudhuria. Shabaha yake ilitamkwa wazi: kuwatoa kwenye lugha zao, dini zao na malezi ya nyumbani. Wengi walipigwa, walidhalilishwa na kulala njaa, na maelfu hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilikusanya ushuhuda wa waliosoma huko, na mwaka 2015 ikatoa ripoti yake pamoja na madai 94. Ya 87 hadi 91 yanahusu michezo, na la 87 linataka umma ufundishwe historia ya wanamichezo wa wenyeji asilia.

Michezo iliingiaje? Wakuu wa shule waliitumia kufundisha nidhamu na kuonyesha watu wa nje kwamba shule inafanya kazi njema. Lakini kwa mtoto, kuwa kwenye timu kulimaanisha kutoka nje ya geti. Kuna waliosema mbele ya Tume kwamba michezo ndiyo iliyowasaidia kupita miaka ile. Kwa hiyo tabasamu la kwenye picha laweza kuwa la kweli kabisa, na bado picha yenyewe ikawa imepigwa ili kuficha jambo.

Chukua mfano wa 1951. Wavulana wa shule ya Pelican Lake, karibu na Sioux Lookout huko Ontario, walikuwa na timu ya mpira wa magongo wa barafuni, ule ambao wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali wakisukuma kisahani kigumu kwa fimbo. Walisafirishwa hadi Ottawa na Toronto kucheza, na wapigapicha wakawafuata. Ukiitazama picha moja ya namna hiyo peke yake unaona safari ya shule. Ukiwauliza waliokuwa ndani yake, unasikia na kilichowangoja waliporudi.

Fred Sasakamoose, wa jamii ya Wakrii, alijifunza mchezo huo katika shule ya St. Michael's, Duck Lake, Saskatchewan. Msimu wa 1953–54 alicheza mechi 11 katika ligi kuu akiwa na Chicago Black Hawks. Alipokuwa mzee alieleza hadharani mateso ya shule hiyo hiyo iliyompa viatu vya kuteleza. Kabla yake Tom Longboat, Mwonondaga, alitoroka shule ya bweni ya Mohawk Institute akiwa mtoto, na mwaka 1907 akashinda mbio za marathoni za Boston.

Upande wa Marekani, shule ya Carlisle huko Pennsylvania (1879 hadi 1918) ilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani iliyosafiri kucheza na vyuo vikuu. Mwaka 1911 iliifunga Harvard 18 kwa 15. Ndani yake alikuwamo Jim Thorpe, aliyeshinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm mwaka uliofuata. Wasichana wa shule ya Fort Shaw, Montana, walipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Wakaishi pale pale uwanjani wakitazamwa na watu, na wakashinda katika mpira wa kikapu. Billy Mills, Mlakota aliyepitia shule ya Haskell huko Kansas, alishinda mita 10,000 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, michezo ambayo nchi yetu ilishiriki kwa mara ya kwanza, bado kwa jina la Tanganyika.

Usizilinganishe moja kwa moja na shule za bweni za hapa. Tanganyika nafasi zilikuwa chache, na wazazi wengi waliuza ng'ombe ili mtoto aingie. Kule mtoto alichukuliwa kwa nguvu ya sheria. Hata hivyo kuna maswali mawili ya kule yanayofaa kuulizwa na hapa, ukimhoji babu au bibi. La kwanza: mliruhusiwa kusema lugha gani uwanjani, na aliyesema ya nyumbani alifanywa nini? La pili: nani hakuchaguliwa kwenda? Timu ni watu kumi na mmoja au saba. Bweni zima lilibaki nyuma likisikiliza lori likiondoka, na hao hawaulizwi kamwe.

Nafundisha michezo katika shule yenye bweni. Uwanja ni mchanga mwekundu, mashine ya mistari hatuna. Wageni kila mara husema uwanja umepinda, na majivu hupeperushwa kabla ya mapumziko. — Mwalimu, Manyoni

Mwalimu, tuanze na kupinda, maana hilo ndilo linaloleta magomvi kwenye mpira wa kona. Tafuta utepe wa mita 50, kamba mbili, vigingi 12 na watu watatu wasio na haraka. Kamba ya katani ni nzuri ikiwa kavu. Ikilowa hufupika, nayo ya nailoni hurefuka ukiivuta. Kwa hiyo kamba iwe ya kunyoosha mstari, na vipimo vyote vitoke kwenye utepe.

Tuchukulie uwanja wa mita 100 kwa 64. Kwenye kona ya kwanza piga kigingi. Kutoka hapo pima mita 12 kuelekea upande mrefu, mita 9 kuelekea upande wa goli, kisha sogeza kigingi cha mita 9 mpaka umbali kati ya ncha hizo mbili uwe mita 15 kamili. Kona imenyooka. Wengi hutumia 3, 4 na 5, na hapo ndipo uwanja unapopinda: kosa la sentimita 2 kwenye mita 3 linakuwa zaidi ya sentimita 40 ukifika mita 64. Kwa kuanzia na mita 9, kosa hilo hilo linabaki kama sentimita 14. Ukimaliza kona nne, pima mishazari yote miwili. Kila mmoja uwe mita 118.73. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 20, usipige mstari. Rudia kona ya tatu na ya nne.

Ndani ya uwanja, weka kigingi katikati ya mstari wa goli, vipimo vyote vitoke hapo. Kila upande pima mita 3.66 kwa nguzo, 9.16 kwa kisanduku kidogo, 20.16 kwa kisanduku cha penalti. Kuingia uwanjani, mita 5.5, kisha 11 kwa alama ya penalti, kisha 16.5. Duara la kati ni kamba ya mita 9.15 kwenye kigingi. Kamba hiyo hiyo ihamishie kwenye alama ya penalti uchore ule upinde wa nje ya kisanduku. Usiuchore kutoka kwenye goli. Kona ni mita 1. Mwamba wa goli uwe mita 2.44 kutoka chini, na upime katikati, maana mti mrefu ukikaa miaka miwili hulegea na kushuka pale pale kipa anaporuka.

Sasa majivu. Yanapeperushwa kwa sababu yamemwagwa makavu juu ya ardhi kavu, na upepo wa Juni hadi Oktoba huku kwetu hauna huruma. Kwa jembe, chimba mfereji wa upana wa sentimita 10 na kina cha 2 au 3 ukifuata kamba. Sheria hairuhusu mstari kuzidi sentimita 12. Umwagilie maji jioni. Majivu ya jiko la kuni yaache usiku mzima yapoe, yachekeche kuondoa misumari na makaa, kisha yakoroge na maji yawe mazito kama uji wa kunywa. Mimina mpaka usawa wa ardhi, usiache bonde la kujikwaa. Asubuhi yatakuwa yameshikamana.

Ukipendelea chokaa, iwe iliyozimwa. Chokaa isiyozimwa huchemka ikikutana na maji au jasho na inaunguza macho. Hata iliyozimwa, ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 bila kusugua, kisha hospitali. Wanafunzi wadogo wasiipige. Mafuta machafu ya injini yasitumike kabisa. Yanachubua ngozi ya anayeteleza na yanabaki ardhini.

Utahitaji kiasi gani? Mistari yote ya uwanja wa 100 kwa 64 ni karibu mita 700. Usinunue kwa kubahatisha. Piga mita 10, pima ulichotumia, zidisha kwa 70, ongeza kidogo.

Uwanja wa pete ni mita 30.5 kwa 15.25, mshazari 34.10, ukigawanywa mara tatu kwa kila 10.17. Nusu duara za kufungia ni mita 4.9, na duara la kati lina kipenyo cha 0.9. Nguzo iwe na mita 3.05 juu ya ardhi na sentimita 60 chini. Fupi ya hapo huinama kabla ya robo ya tatu, na kila bao linakuwa kesi.

Tunapokea wageni 46: wanafunzi 40, walimu 4, dereva na msaidizi wake. Wanafika Jumamosi asubuhi, wanaondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Tupike kiasi gani na ratiba iweje? — Mlezi wa bweni, Singida

Kwa kijana anayecheza, weka gramu 300 za unga kwa mlo wa ugali, yaani kilo 14 kwa wote. Mchele gramu 200, kilo 10 ukikadiria kwa ukarimu. Maharage makavu gramu 100, kilo 5. Mafuta lita 1 kwa mlo. Uji wa asubuhi unatumia kilo 2.5 za unga na kilo 1.2 za sukari. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu kwa siku, sawa na madumu 7 ya lita 20, na yawe yamechemshwa na kupoa tangu Ijumaa. Hilo husahaulika kuliko yote: maji yanachemshwa Jumamosi asubuhi, saa nane bado ni ya moto, wageni wanakwenda kunywa bombani.

Wakifika, uji kwanza. Nahodha wenu amchukue nahodha wao amwonyeshe bomba, choo na mahali pa kulala kabla ya hotuba yoyote. Chakula cha mchana kiishe saa saba kasoro, kiwe wali na maharage, mafuta kidogo. Mpira wa miguu uanze saa kumi jioni: dakika 90, mapumziko 15, na ucheleweshaji wa kawaida, mtamaliza bado kuna mwanga. Pete ichezwe Jumapili asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, robo nne za dakika 15. Anayetapika au kuharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo, akizidiwa, zahanati.

Kwa upande wa karatasi, wageni wawe na barua ya mwaliko wenu, kibali cha afisa elimu wa wilaya na ridhaa ya wazazi. Orodha ya majina iwe nakala tatu: moja shuleni kwao, moja kwenye basi, moja kwenu. Wasichana wasafiri na mwalimu wa kike au matroni. Lori la wazi lisikubaliwe, hata kama mkuu wa shule alisafiri hivyo enzi zake.

Jumamosi usiku msiwapange wageni upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Wachanganyeni kuanzia kwenye sahani. Kama wasichana wenu wanajua muheme, ngoma ya Wagogo, au yupo mwenye zeze, waanze wao, kisha wageni wajibu kwa ngoma ya kwao. Mechi ya kuchanganya timu, nusu wao nusu wenu, ikiwekwa Jumapili baada ya pete, ndiyo inayozaa urafiki wa barua.

Picha ya pamoja ipigwe kabla ya chakula cha mwisho, jezi zikiwa bado mwilini. Kiranja wa michezo apite na daftari aandike majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa waliosimama kisha wa waliochuchumaa, na tarehe juu, basi likiwa bado halijawashwa.